Je, wajua kwa nini wauguzi wa mwaka 2040 wanahesabiwa leo?

Kitanda kimoja cha mgonjwa mahututi kikihitaji muuguzi mmoja pembeni usiku na mchana, kinahitaji waajiriwa wangapi? Wengi hujibu watatu, kwa sababu zamu ni tatu. Jibu ni zaidi ya watano.

Mwaka una saa 8,760, na mgonjwa hana sikukuu. Muuguzi wa siku tano kwa wiki ana siku 260 za kazi. Ondoa likizo, sikukuu, siku za kuugua na za mafunzo, tuseme 50 kwa jumla. Zinabaki siku 210 za saa nane nane, yaani saa 1,680. Gawanya 8,760 kwa 1,680, unapata 5.2. Anayepanga ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, kwa kuhesabu zamu peke yake amewasahau wawili, na pengo lao litazibwa na wenzao wasiokwenda likizo.

Hesabu hii hufanywa miaka mingi mapema kwa sababu pesa ikipatikana leo, daktari hapatikani leo. Chuo cha udaktari ni miaka mitano au sita, kisha mafunzo kazini, kisha ubingwa. Yote pamoja huweza kupita miaka 10. Daktari bingwa wa 2040 yuko darasani sasa hivi, au hayuko kabisa.

Wataalamu huanzia kwa watu: wangapi watakuwepo, wa umri gani, wenye maradhi gani. Kisha wanapima kazi yenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mbinu iitwayo WISN, ambayo huuliza kila kazi inachukua dakika ngapi ikifanywa inavyotakiwa. Kusafisha kidonda, dakika kadhaa. Kumzalisha mama, saa kadhaa. Dakika huzidishwa kwa idadi ya wagonjwa, zikageuzwa kuwa idadi ya watumishi. Wakihitajika watatu na wapo wawili, kila mmoja anabeba kazi ya mtu mmoja na nusu.

Maneno "inavyotakiwa" ndiyo moyo wa jambo lote. Ukipima dakika ambazo muuguzi aliyeelemewa anazitumia sasa, makadirio yako yatarithi upungufu wa leo na kuupeleka miaka 15 mbele, ukiwa umevaa sura ya hesabu safi. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi ikaguliwe, shuka ikunjuliwe isiache mkunjo. Wodi yenye wauguzi wachache humgeuza mara moja au mbili kwa siku. Ukichukua hiyo kuwa ndiyo mahitaji, umeviweka vidonda vyake kwenye bajeti. Naamini hili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii.

Kumgeuza huyo mzee pia hakuharakishwi na mashine kama kiwanda kinavyoharakishwa. Mishahara ikipanda kwingine kwa sababu ya mashine, ya wauguzi nayo lazima ipande wasije wakaondoka, ingawa dakika zao ni zilezile. Mwanauchumi William Baumol alieleza jambo hili miaka ya 1960, na ndiyo sababu mojawapo gharama za matunzo hukua kupita idadi ya wagonjwa.

Makadirio hayasemi kitakachotokea. Mwaka 2016 WHO ilikadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapungukiwa watumishi wa afya milioni 18; baadaye ikashusha hadi karibu milioni 10. Ndiyo maana wapangaji makini hutoa njia zaidi ya moja. Uingereza, mwaka 2002, Derek Wanless, aliyekuwa mkuu wa benki, aliipa serikali picha tatu za gharama za afya miaka 20 mbele. Kati ya picha ambayo wananchi wanajali afya zao na huduma zina tija, na ile ambayo mambo yanazorota, tofauti ilikuwa takriban pauni bilioni 30 kwa mwaka.

Lipo kundi ambalo ikama yoyote hailioni: binti aliyeacha kazi ili amuogeshe baba yake na kumlisha, bila mshahara wala zamu ya kupumzika. Familia zikizidi kuwa ndogo na watoto wakiishi mbali, kazi hiyo haipotei. Inahamia kwa watumishi wa ustawi wa jamii, ambao nao inabidi waajiriwe. Kwa hiyo anayekadiria mahitaji ya matunzo ya 2040 hana budi kuuliza pia ni wazee wangapi watakuwa na mtoto anayeishi karibu nao.