"Nimetoa Nyanya, Naweka Bilinganya": Hapo Hujabadilisha Zao

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mzee mmoja wa Mabokweni, hapa Tanga, alinipigia simu akasema kipande chake cha bustani nyuma ya nyumba kiko tupu, ameshakilima, samadi ameshaweka, anasubiri masika tu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hapo mwanzo palikuwa na nini?" Akajibu kwa furaha kabisa: "Palikuwa na nyanya, zikanyauka zote. Lakini usiwe na hofu bibi shamba, nimewasikia mkisema tubadilishe zao. Sasa naweka bilinganya."

Nilipanda bodaboda siku ile ile, maana miche alikuwa ameshainunua.

Kosa lake halikutokana na uvivu wala ukaidi. Alifuata tulichomwambia. Sisi wagani tumehubiri "badilisha mazao" miaka nenda miaka rudi, na wengi wetu tumeishia hapo hapo, bila kusema zao lipi ni ndugu wa lipi. Mkulima ameelewa kwamba jina likibadilika basi zao limebadilika. Nimechoka kuona watu wanapoteza mbegu, maji na miezi mitatu ya jasho kwa sababu ya sentensi tuliyoiacha nusu, kwa hiyo leo naimalizia.

Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili kali, hoho na viazi mviringo ni jamii moja. Mnavu pia umo, na hilo huwashangaza wengi kwa kuwa wanaujua kama mboga ya majani tu. Viazi vitamu havimo, ingawa jina linafanana; matembele hayana undugu na nyanya. Ukitoa mmoja wa jamii hii ukaweka mwingine, ugonjwa uliobaki ardhini umeletewa chakula kile kile kwenye sahani nyingine.

Na ugonjwa unaotusumbua zaidi ukanda huu ni mnyauko bakteria. Bakteria wake hukaa kwenye udongo, huingia kupitia vidonda vya mizizi, kisha hujaa kwenye mirija inayopandisha maji hadi ikaziba. Hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35 na udongo wenye unyevu, yaani hupenda Tanga ilivyo. Mmea hulegea mchana ukiwa bado kijani, jioni unajikusanya kidogo, na baada ya siku chache hauinuki tena. Mkulima akiona umelegea anadhani una kiu, anaongeza maji, na yale maji yanausambaza ugonjwa kwenye mashina ya jirani.

Kwa bahati, kwenye kona ya bustani ya mzee kulikuwa na nyanya moja iliyojiotea, nayo imeshaanza kuinamisha majani. Nikamwomba glasi ya maji safi. Nikaikata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, nikakifuta, nikakishikilia ncha ya chini ikigusa maji bila kukitikisa. Tukasubiri. Kabla hata hajamaliza kunieleza habari za mjukuu wake, uzi mweupe mwembamba kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, ukaning'inia ndani ya maji. Akainua glasi kuelekea kwenye mwanga akaitazama muda mrefu. Ule uzi ni bakteria wenyewe wanatoka. Mnyauko unaosababishwa na ukungu hautoi uzi huo. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na natamani kila nyumba yenye bustani ikijue kama inavyojua kuonja chumvi.

Hapo ndipo aliponiambia neno la pili ninalolisikia kila siku: "Basi nitapiga dawa ya ukungu." Hapana. Dawa ya ukungu inaua ukungu. Huyu ni bakteria, tena yuko ndani ya shina na ndani ya udongo, na unaponyunyizia majani wala hajui kama umefika. Hakuna dawa ya dukani ya kuponya mmea ulionyauka kwa ugonjwa huu. Mche ulioathirika ng'oa na mizizi yake na udongo unaouzunguka, uchome, usiutupe kwenye shimo la mboji. Jembe lililofanya kazi pale lioshwe mpaka udongo wote utoke kabla halijaingia upande mwingine, na mfereji wa maji usitoke kwenye tuta linaloumwa kwenda kwenye lililo zima.

La tatu: "Lakini nimelipumzisha shamba mwaka mzima." Nikamwambia tuzunguke naye uzio. Ulikuwa umejaa mitunguja, yenye vitunguja vyake vya njano, na katikati ya bustani mnavu ulijiotea kwa raha zake. Mtunguja ni jamii ile ile ya nyanya. Shamba lililoachwa na mitunguja halikupumzika. Ugonjwa ulikuwa na pa kulala. Kupumzisha maana yake ni kuhakikisha hakuna ndugu hata mmoja wa jamii ile anayeota pale, awe umempanda au amejiotea, kwa miaka isiyopungua mitatu. Huku kwetu hiyo ni masika tatu na vuli tatu. Najua ni muda mrefu. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu mwenye bustani tupu liwe "palikuwa na nini?", kabla ya kuuliza "nipande nini?"

Wapo watakaoniambia wamesikia bilinganya inahimili mnyauko, mpaka nyanya hupandikizwa juu ya shina lake. Ni kweli, zipo bilinganya chache zilizochaguliwa na watafiti kwa kazi hiyo ya kupandikizia. Hizo siyo bilinganya ulizonunua kwenye pakiti kwa ajili ya kula. Na neno F1 kwenye pakiti halina maana ya "haiugui". Maana yake ni mbegu chotara. Soma pakiti imetaja ugonjwa gani kwa jina. Kama imeandika inahimili mnyauko fusari, huo ni wa ukungu, ni ugonjwa mwingine.

Basi ardhi iliyonyausha nyanya ipandwe nini? Mahindi ndiyo chaguo langu la kwanza, hasa masika hii inayokuja, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Mchicha, ambao wiki ya tatu au ya nne unaanza kuuvuna na unarudisha hela ya mbegu kabla hujakata tamaa. Kunde, kwa majani na kwa punje. Vitunguu, kama maji yako yanaruhusu, na hilo nalirudia chini.

Kabla hujapanda kunde au bamia, fanya jambo moja zaidi: ng'oa mabaki ya zao lililopita na uoshe mizizi. Udongo wetu wa kichanga hapa pwani hupendwa na minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi, na bamia ni chakula chao cha heshima, pamoja na tango, tikiti na kunde nyingi. Ukiona mzizi wenyewe umevimba kama shanga zilizoshikamana, usipande hayo. Usichanganye na vifundo vizuri vya kunde: hivyo vimekaa pembeni ya mzizi, ukivisugua kwa kidole vinabanduka, na ukikipasua kilicho hai ndani ni cha waridi. Hivyo ni vya kurutubisha ardhi. Uvimbe wa minyoo haubanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe. Kwa bustani ndogo iliyoathirika, lowesha udongo vizuri mwezi Januari, ufunike kwa nailoni angavu, uzike kingo zake, uache jua liupike wiki nne hadi sita. Tanga kwa jua hatujapungukiwa.

Kauli nyingine ninazozisikia nazipitia upesi.

"Nyanya ziko bei juu sokoni Mgandini, napanda nyanya." Bei unayoiona leo ni ya mtu aliyepanda miezi mitatu au minne iliyopita. Wewe ukianza kitalu leo, utavuna pamoja na wote walioiona bei hiyo hiyo. Panda kinachokubali ardhi yako, kisha uulize wauzaji ni mwezi gani kinaadimika.

"Kama Lushoto wanavuna kabichi na karoti, na sisi ni mkoa mmoja." Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Sisi tuko kando ya bahari yenyewe. Kabichi nyingi zikipandwa kwenye joto hili hufungua majani tu bila kufunga kichwa. Zipo mbegu zinazovumilia joto, lakini mwenye kuanza kwenye kipande kitupu asianzie hapo. Aanze na figiri, chainizi au sukuma wiki.

"Maji ni maji." Siyo kwa visima vya pwani. Kama maji yako yana chumvi kidogo mdomoni, maharage, karoti na vitunguu vitakusumbua mapema. Mchicha na kunde huvumilia zaidi. Ukingo wa majani ukikauka kama umeunguzwa wakati udongo una unyevu, shuku maji kwanza kabla ya kumwita fundi wa dawa.

"Samadi ikiwa ya leo ndiyo ina nguvu." Samadi mbichi huunguza miche na huleta mbegu za magugu. Iache ioze miezi miwili au mitatu, mpaka ukiishika haina joto wala harufu kali.

"Udongo ukiwa mweusi una kila kitu." Rangi haisemi hayo yote. Ukitaka kujua, chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, changanya, upeleke ukapimwe. Kituo cha utafiti cha Mlingano kiko hapo Muheza, na udongo ndiyo kazi yake ya miaka mingi.

Tukirudi kwa mzee. Alikuwa na miche 60 ya bilinganya kwenye beseni, mizuri kwa kweli, na hakutaka kuitupa, nami sikutaka aitupe. Tulikubaliana 20 aiweke kwenye viroba vya unga vilivyojazwa udongo wa upande wa mbele wa nyumba, ambako hakujawahi kupandwa chochote cha jamii ile, na viroba vipangwe juu ya mawe visigusane na ardhi ya bustani. Iliyobaki amempa jirani ambaye kwake palikuwa na mahindi. Mitunguja ya uzio tuling'oa pamoja na wajukuu zake asubuhi ile ile, tukaianika juani ikauke ichomwe. Bustani ameigawa kwa kamba mafungu manne, mahindi mafungu mawili, mchicha moja, kunde moja, baada ya kuosha mizizi na kukuta haina uvimbe. Na kwenye daftari la shule la mjukuu, ukurasa wa nyuma, amechora mafungu yale manne akaandika tarehe na jina la zao kwenye kila moja. Juu ya fungu la kona, palipokuwa na ile nyanya, ameandika kwa kalamu nyekundu: nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu, bado.