"Huyu ni Mpwa Wangu, Halipwi"

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara ya tatu mwezi huu: "Huyu ni mpwa wangu, halipwi, anakula hapahapa." Aliyesema anauza nguo za jumla Kariakoo, na mpwa mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ameshika daftari la mauzo.

Nawatunzia watu hesabu kila siku, na hakuna kauli inayonichosha kama hii. Mpwa anafungua duka saa mbili asubuhi, anafunga saa moja usiku. Kwenye hesabu hayupo. Nikamuuliza mjomba wake: akiondoka kesho, utamweka nani? Akajibu bila kufikiri: "Kijana wa laki tatu anapatikana." Basi ile faida ya laki sita aliyokuwa akinionyesha kwa furaha, nusu yake ni jasho la mpwa. Siku kijana akioa au akipata kazi kwingine, faida inakatika katikati, na utasikia biashara imelogwa.

Na hata hilo la "halipwi" si kweli. Chai na chapati 2,000, chakula cha mchana 3,000, nauli 1,500. Kwa siku 26 ni 169,000, na zote zinatoka kwenye droo bila kuandikwa. Vocha na viatu sijavigusa. Kuna na vijana wanaojilipa wenyewe kimyakimya, shati moja leo, mawili keshokutwa. Siwatetei. Ila mwenye duka asiniambie ameshangaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kifungu kinachomtoa mpwa wa mwenye duka. Kama ni mwajiriwa, ni mwajiriwa: mshahara wake na siku ya kulipwa viandikwe. Mtu akisikia hivyo anaogopa TRA, watu wa kodi. Tupige hesabu: kwenye laki tatu, toa asilimia 10 yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 270,000, na hapo PAYE, kodi ya mshahara, ni sifuri. Wewe unaongeza 30,000 yako ya NSSF. Na kama umeshafika ngazi ya kuandaa hesabu za mwaka, mshahara usioandikwa ni gharama uliyoitupa. Unalipia kodi faida ambayo hukuipata.

Kauli ya pili: "Mke wangu hana mchango, anakaa nyumbani." Hili lilimalizwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. (Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu nyingine. Msingi ulibaki.) Wewe unayekwenda kufuata mzigo wiki mbili, watoto nyumbani wanalelewa na nani?

"Nyumba ina jina langu, naiweka rehani nitakavyo." Hapana. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenzi anayeishi humo naye asaini, au ridhaa yake ionekane kwenye hati. Kwa sadfa, nayo ni kifungu cha 114. Usimpelekee mama watoto karatasi usiku wa kuamkia siku ya benki.

"Hela ya ndugu haina riba." Riba yake ni harusi, msiba na ada za watoto wa aliyekukopesha, na haina tarehe ya mwisho. Mkiandikishana kiasi na mwezi wa kurejesha, hata kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari, mtaendelea kusalimiana.

Yule mteja wa wiki iliyopita bado hajarudi na mkataba wa kumwajiri mpwa. Jana mpwa wake amenipigia kuuliza kama ni lazima uchapwe kwa kompyuta. Nimemwambia hata kalamu inatosha.