Msimbo Unakubali, Ushauri Umechacha

Dhana potofu: mfano wa zamani wa msimbo kwenye nyaraka za programu ukiendelea kufanya kazi, mwongozo wake bado ni sahihi.

Ukweli: msimbo wa kushughulikia hitilafu hukaa kimya mpaka kitu kiharibike, kwa hiyo unaweza kukubaliwa na kompaila (programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iuendeshe) miaka nenda miaka rudi huku maana yake imeshabadilika. Tazama lugha ya programu ya Go. Nyaraka za zamani huagiza hitilafu zilinganishwe kwa `==`, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa. Mwaka 2019, toleo la 1.13 lilileta `%w`, inayofunga hitilafu ndani ya nyingine. Iliyofungwa hailingani tena na ile ya asili, na sharti la `==` linakuwa si kweli bila mtu kuambiwa lolote. Kinachotakiwa ni `errors.Is`, inayofungua tabaka moja baada ya jingine. Lugha ya PHP nayo ina mtego wake: tangu toleo la 7 la mwaka 2015, hitilafu nyingi zilizokuwa zikiua programu papo hapo hurushwa kama `Error`, ambayo haimo katika ukoo wa `Exception`. Anayedaka `Exception` peke yake ataiona ikimpita. `Throwable` hudaka zote mbili.

Dhana potofu: katika Node.js, mazingira ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari, Promise (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) iliyokataliwa, yaani iliyoshindwa, bila kushughulikiwa huacha onyo tu.

Ilikuwa kweli. Tangu toleo la 15 la mwaka 2020, huangusha mchakato mzima, labda uwe umebadilisha mpangilio.

Dhana potofu: bango la "ukurasa huu umepitwa na wakati" linatosha.

Halitoshi, na kusema kweli mara nyingi ni uvivu uliovaa suti. Msomaji huletwa na injini ya utafutaji, hushuka moja kwa moja hadi kwenye msimbo, hunakili, huondoka. Sahihisha mfano wenyewe.

Dhana potofu: basi, maelezo ya zamani yafutwe yote.

Wapo wanaotunza mifumo mikongwe. Anayekuta `try!`, njia ya zamani ya kupitisha hitilafu kwa aliyeita, kwenye msimbo wa lugha ya Rust anahitaji kuambiwa kwamba alama ya `?` ilichukua nafasi yake katika toleo la 1.13, mwaka 2016. Sentensi moja inamtosha.

Dhana potofu: mifano ikikompailiwa kila toleo jipya linapotoka, nyaraka ziko salama.

Jaribio la namna hiyo lingeipitisha ile `==` bila swali. Jaribio lenye maana husababisha hitilafu kwa makusudi: ondoa faili, kata mtandao, kisha hakikisha mfano umeingia kwenye tawi la msimbo ambalo maelezo yanadai utaingia.