Nani Aliwaambia Kisiki Kifupi Ndicho Rahisi Kung'oa?

"Fundi, njoo. Mti tumeshakata, kimebaki kisiki tu."

Hiyo "tu" ndiyo inayonikera. Nimeisikia Buruburu, nimeisikia South C, na Jumanne nimeisikia tena Lang'ata, zote mitaa ya hapa Nairobi. Nilipofika nikakuta jakaranda lenye kipenyo cha sentimita 70 limekatwa sambamba na nyasi, limesawazishwa juu kama meza ya kulia chakula. Mama mwenye nyumba amesimama kando anatabasamu. "Nimewaambia wakate chini kabisa, angalau nikupunguzie kazi." Nikamshukuru, maana nililelewa. Kisha nikarudi kwenye pikapu kushusha sururu, na njiani nikawa nasema maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Naandika leo mara moja, ili siku nyingine mtu akinipigia simu kabla ya kukata, nimtumie hii asome.

Kung'oa kisiki si kunyanyua mzigo, ni kuangusha. Ukitaka kung'oa nguzo ya ua, unaishika juu unaitikisa. Sijawahi kuona mtu ameinama anasukuma nguzo kwenye kitako. Sasa mbona mti unaukata kitakoni halafu unataka mimi niutikise? Umechoma mpini halafu unanipa jembe.

Mimi sina eskaveta. Na hata ningekuwa nayo, geti la nyumba nyingi za mtaani haliipitishi. Nina winchi ya mkono, ile ya kusukuma wenzo mbele na nyuma huku waya ukipita ndani yake. Inavuta kilo 1,600. Nikifunga kapi moja, yaani gurudumu la kupitishia waya, kwenye kisiki na kuurudisha waya kwenye nanga, kile kitu imara kinachoshikilia winchi, napata karibu mara mbili, ukitoa kinacholiwa na msuguano. Vifaa vyangu vingine ni mtaimbo, sururu mbili, koleo, shoka zuri, shoka baya, na ndoano nilizofuliwa na mafundi wa Kamukunji ambazo zimedumu kuliko za dukani.

Kwa vifaa hivyo, urefu wa kisiki ndio kila kitu. Nikifunga waya sentimita 20 kutoka ardhini, sina nilichofanya. Nikiufunga sentimita 150, ni kazi nyingine kabisa. Mwanangu aliye kidato cha tatu alikokotoa akaniambia, "Baba, hapo nguvu imeongezeka mara 7.5." Nikamwambia darasani atapewa alama, lakini kwenye shimo ataaibika. Kisiki hakigeukii usawa wa nyasi. Kinageukia chini ya udongo, pale mizizi ya mbele inapojikunja, tuseme sentimita 30 chini. Kwa hiyo si 150 kwa 20, ni 180 kwa 50, yaani mara 3.6. Bado ni tofauti ya kumaliza saa kumi alasiri na kurudi kesho na keshokutwa. Na zaidi ya hapo, gogo la jakaranda unene huo, urefu wa mita moja na nusu, lina karibu nusu tani. Likishaanza kuinama, uzito wake wenyewe unakusaidia. Lililokatwa chini halikusaidii na chochote, linakaa tu kama mgeni aliyeahirisha safari.

Wa pili kwa kunikera ni yule anayeamini mzizi mkuu umeshuka chini sawa na urefu wa mti. "Fundi, huu mti una mita 15, na chini ni hivyohivyo." Nenda ukaangalie mti ulioangushwa na upepo wakati wa masika. Utaona nini? Sahani. Sahani pana ya udongo na mizizi imesimama wima, na shimo ambalo mtoto wa darasa la tano akisimama ndani kichwa kinaonekana. Sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye mita ya juu ya udongo, kwa sababu huko ndiko kwenye hewa na chakula. Inakwenda mbali kwa upana, kupita hata kivuli cha matawi. Na miche mingi tunayopanda inatoka kwenye viriba, ambako mzizi mkuu ulishajizungusha kama nyoka kabla hujaununua barabarani. Ndiyo, iko mizizi inayoshuka wima chini ya tumbo la kisiki, na kwenye udongo mwekundu wenye kina kama wa Karen mkaratusi unaweza kunitoa jasho. Lakini kinachoshikilia mti hasa ni mizizi ya pembeni.

Kwa hiyo chimba mtaro kuzunguka kisiki, upana wa kukutosha kuinama na shoka. Osha mizizi kwa maji na brashi kabla ya kuikata. Hili watu hulidharau. Udongo ni msasa: mnyororo wa msumeno wa petroli ukigusa mchanga unakuwa butu kabla hujafuta jasho, ndiyo maana nina shoka baya. Kila mzizi ukate mara mbili, utoe kipande cha upana wa kiganja. Ukikata mara moja tu, ncha mbili zinasukumana na kukwama, halafu unakuja kusema winchi haina nguvu.

Mizizi ipi kwanza? Kama unavutia upande wa geti, ile iliyo upande wa pili, ninayoiita ya mgongoni, ndiyo inayokaza. Hiyo kata yote. Ya ubavuni pia. Ya mbele, upande unaovutia, hapo ndipo nimebadilisha mawazo mara tatu kwa miaka. Nikiiacha mizima, inapinda kama upinde na kurudisha kisiki nikilegeza waya. Nikiikata yote, kisiki kinapoteza egemeo, kinaanza kuburutwa huku kimezama tumbo kwenye tope. Siku hizi ile minene naikata nusu ya unene. Kuna siku inafanya kazi vizuri sana, na kuna siku najuta saa nzima. Fundi mwenzangu anaikata yote na visiki vyake vinatoka vilevile.

Chumvi ya kuozesha kisiki: hapana. Kinachoozesha mti ni kuvu, na kuvu wanataka unyevu na hewa. Chumvi ndiyo tunayohifadhia samaki. Dizeli nayo inaua udongo, mti unabaki. Moto kwenye kisiki kibichi ni moshi wa kumpa jirani, na ukishika mizizi unaweza kufukuta chini kwa siku kadhaa bila wewe kuuona.

Na kuna wanaofunga kamba kwenye gari dogo aina ya Probox wavute kisiki. Jamani, Probox. Gari linavuta kwa kushtuka, kamba inakatika au ndoano inachomoka, na kinachorudi kinarudi na kasi ya risasi. Winchi inakaza taratibu, unaisikiliza. Hata hivyo sisimami kwenye mstari wa waya, na katikati ya waya nalaza gunia lenye mchanga ili ukikatika uanguke chini.

Nanga iwe mti mwingine, uliofungwa kwa mkanda mpana wala si waya mtupu unaokata gome. Isiwe nguzo ya geti. Nasema hivi kwa sababu Donholm, miaka kadhaa iliyopita, nilivuta kwa dakika kumi huku nikijisifu jinsi kazi inavyoenda vizuri, nikageuka nikakuta kinachokuja ni nguzo. Kisiki hakikuwa kimesogea hata kidole. Nguzo niliijenga kwa pesa yangu.

Kabla ya kufunga waya juu, gonga gogo kwa kisogo cha shoka. Likilia kama ngoma, limeoza ndani, na ukilivuta kwa waya uliofungwa usawa wa kifua litakatika. Hapo funga chini zaidi na ukubali kuchimba zaidi. Mlio ukiwa wa katikati, si ngoma wala si jiwe, mimi bado hukosea.

Udongo mwekundu nausubiri siku tatu nne baada ya mvua. Udongo mweusi wa pamba, ule wa Embakasi, ukiwa mkavu ni saruji na ukiwa na maji ni gundi, kwa hiyo bei yangu huko ni nyingine na sioni aibu. Ulizia bomba la maji taka linapita wapi kabla ya sururu ya kwanza. Kibali cha kaunti cha kukata mti ni chako kutafuta, usinikabidhi mimi nikishafika. Shimo lijaze kwa tabaka, ushindilie.

Lile jakaranda la Lang'ata? Siku tatu. Nilichimba mpaka chini ya tumbo, nikaingiza jeki ya lori upande wa mgongo juu ya kipande cha mbao, nikapitisha mnyororo chini ya mizizi badala ya kwenye gogo, na vijana wawili wakasukuma wenzo kwa zamu. Mzizi wa mwisho ulipasuka kwa mlio wa mfupa wa ng'ombe buchani.

Mama akalipa bila kubishana, akaniambia ana saipresi nyuma ya nyumba nayo inatoka mwezi ujao. Nikamwomba: waambie wakate usawa wa kifua. Jana amenitumia picha. Walipima kwa kifua cha soja wake, yaani mlinzi, na soja mwenyewe ni mrefu kama mlingoti. Gogo linanifika kwenye pua. Sawa. Kupunguza naweza.