Gratin dauphinois haihitaji jibini

Wapishi wengi wa nyumbani huamini kwamba gratin dauphinois, viazi vya Ufaransa vinavyookwa kwa maziwa na krimu, haviwezi kushikana bila jibini. Si kweli. Katika mapishi ya asili ya Dauphiné, eneo la kusini-mashariki mwa Ufaransa, hakuna jibini wala mayai. Jibini ni la gratin savoyard, ya majirani zao wa Savoie, ambayo hupikwa kwa supu badala ya maziwa.

Kinachoshikanisha ni wanga wa viazi wenyewe. Ndiyo maana kosa kubwa si kukosa jibini, bali kuosha viazi baada ya kuvikata: wanga mwingi huishia kwenye sinki, na unabaki na vipande vinavyoogelea kwenye maziwa. Osha na menya kwanza, kisha kata kilo 1 katika vipande vya milimita 3.

Chemsha mililita 500 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta na 300 za krimu, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, na kungumanga kidogo. Tia viazi, pika moto mdogo dakika 10 ukigeuza taratibu, mpaka maziwa yawe mazito na yashike kwenye mwiko. Sugua bakuli la oveni kwa kitunguu saumu, lipake siagi, mimina.

Oka saa 1 kwa nyuzi 160. Ukipandisha hadi 200 ili uwahi, maziwa hukatika na juu huungua kabla kisu hakijapenya katikati. Acha dakika 15 kabla ya kupakua. Rojo huendelea kukaza.