Kondo la nyuma: dakika ambazo mwanafunzi husahau

Mtoto akishalia, leba yote hugeuka upande wake. Anapanguswa, anapimwa uzani, na mwanafunzi wa uuguzi naye macho yako huko. Wakati huohuo mama anaweza kuwa anavuja damu taratibu bila mtu kuona. Kwa hivyo hatua ya tatu ya uzazi, tangu mtoto atoke hadi kondo litoke, ndiyo ningependa muijue kwa undani zaidi.

Mimba ikikomaa, mfuko wa uzazi hupokea nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kwanza kabisa inafungwa na msuli: nyuzi zake zimepishana kama kikapu kilichosukwa, na zikikaza hubana kila mshipa unaopita katikati. Kibofu kilichojaa mkojo, kipande cha kondo kilichobaki ndani au uchovu wa leba ndefu huzuia huko kukaza. Ndiyo maana mama hukojoa kwanza.

Mtoto akitoka, mweke juu ya tumbo la mama, kisha upapase tumbo hilo: kuna pacha? Usiruke hapo, kwa maana oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ikiingia mapema, pacha wa pili atabanwa humo ndani. Kama hakuna, choma yuniti 10 kwenye msuli wa paja ndani ya dakika moja. Dakika moja ni fupi kuliko mnavyodhani, kwa hivyo dawa ivutwe kwenye sindano wakati kichwa cha mtoto kinaanza kuchomoza. Nayo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Kisumu na stima inavyopotea, kichupa kilichosahaulika kwenye trei kinaweza kupoteza nguvu, na hakitabadilika rangi ili kikuonye.

Kitovu, ile kamba ya mtoto, kibanwe baada ya dakika 1 hadi 3, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua.

Kuvuta kondo ni kazi ya mikono miwili, na mwanafunzi huifanya mkunga akiwa kando. Subiri tumbo likaze. Mkono wa kushoto uweke juu tu ya mfupa wa kinena, usukume mfuko wa uzazi kuelekea kichwani kwa mama. Wa kulia uvute kitovu kwenda chini, polepole, bila kukurupuka. Sekunde 30 hadi 40 zikipita bila kondo kushuka, acha, ungoje uchungu mwingine. Anayevuta mfuko ukiwa laini, au bila ule mkono wa juu, atakata kitovu au, vibaya zaidi, atatoa mfuko wenyewe ukiwa umepinduka nje ndani. Kondo likitokeza, lipokee kwa mikono yote miwili, ulizungushe ili utando usichanike. Nusu saa ikipita halijatoka, ita daktari.

Kisha ulikague kwenye trei. Upande uliokuwa umeshikamana na mama, vipande vyake vikae pamoja bila pengo. Inua utando uangalie kingo: mshipa unaokimbilia pembeni na kukatika ghafla unamaanisha kuna kipande kingine ndani. Familia nyingi za Waluo huomba biero, yaani kondo, wakalizike nyumbani. Wapewe kwa utaratibu wa hospitali, lakini baada ya ukaguzi. Likishafungwa kwenye mfuko na kupanda bodaboda, hutalikagua tena.

Damu nayo ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Leso iliyokunjwa chini ya mama hunywa damu nyingi na juu ikaonekana kulowa kidogo tu. Ipime kwenye mizani ikiwa kavu na ikiwa imelowa, kila gramu ihesabu kama mililita moja. Bora zaidi ni ule mfuko wa plastiki wenye alama unaotandikwa chini ya makalio. Katika utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, Kenya ikiwemo, vipimo hivyo pamoja na matibabu ya mkupuo mmoja vilipunguza kwa asilimia 60 jumla ya visa vya uvujaji mkali, upasuaji wa tumbo na vifo vya kuvuja damu.

Mkupuo mmoja ndilo neno. Damu ikizidi, unaita msaada huku ukisugua tumbo, mwingine anaweka dripu ya oksitosini, mwingine anatoa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kuzaa, na mwingine anatafuta michaniko kwenye njia ya uzazi. Mkianza kujaribu moja kisha kungoja, damu haiwangoji.

Hata pakiwa shwari, shika tumbo kila dakika 15 kwa saa 2. Unatafuta kitu kigumu kama embe bichi, karibu na usawa wa kitovu cha mama. Chukua mkono wa mama, umwekee papo hapo, umwambie: mama, hapa pakilegea, niite.