Je, wajua kwa nini nesi wa Marekani hasomei kutibu watu wazima bila kusomea na uzee?

Ukiingia kliniki ya kawaida Marekani na presha yako au kikohozi chako, yule aliyevaa koti jeupe, akakupima, akakuambia una nini, akakuandikia dawa na kukupangia siku ya kurudi, huenda si daktari. Ni nesi. Si wa kuchoma sindano na kufunga vidonda tu; huyu alirudi chuo kikuu akasoma shahada ya uzamili, au akaenda mpaka ya udaktari wa uuguzi, akapewa leseni ya kutambua ugonjwa na kuutibu. Kule humwita nesi prakitishona. Hapa nitamwita muuguzi tabibu, maana Mtanzania aliyezoea kutibiwa na afisa tabibu kwenye kituo cha afya ataelewa mara moja. Tofauti yao ni njia: afisa tabibu husomea tiba tangu siku ya kwanza, huyu huanzia unesi, kisha ndipo hurudi darasani.

Kinachoshangaza ni namna wanavyogawana wagonjwa. Madaktari bingwa wengi huchagua kiungo: moyo, figo, macho. Muuguzi tabibu huchagua watu. Makundi ni sita: familia nzima, watoto wachanga, watoto, afya ya wanawake, afya ya akili, na la sita ni watu wazima pamoja na wazee. Hilo la sita huanzia kwa kijana aliyebalehe, miaka 13 hivi, na kuishia kaburini. Anayetamani kutibu wanafunzi wa chuo na chunusi zao atasomea pia bibi wa miaka 92 asiyeinuka kitandani. Kozi ya watu wazima peke yao haipo tena. Ilikuwapo, ikafutwa kwa makusudi.

Unesi wa namna hii ulianzia jimbo la Colorado mwaka 1965, tena ulianza na watoto. Loretta Ford, nesi wa afya ya jamii, alikuwa akiona vijijini watu wanakaa bila daktari, na yeye na Henry Silver, daktari wa watoto, wakaanzisha mafunzo Chuo Kikuu cha Colorado. Waliompinga Ford hawakuwa madaktari peke yao. Hata ndani ya unesi wapo waliomwona msaliti anayeuza fani yake. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, wauguzi tabibu wa Marekani wakiwa wameshapita 385,000. Kwa umri huo, mwenyewe alikuwa ameingia kundi la sita zamani sana.

Baada ya watoto zilikuja kozi za watu wazima, na pembeni yake kozi ya wazee. Ya kwanza ilijaa, ya pili ikadoda. Manesi hawakuikimbilia, kama vile madaktari wasivyokimbilia ubingwa wa wazee mpaka leo. Wakati huohuo kizazi kikubwa kilichozaliwa kati ya 1946 na 1964, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kilikuwa kinasogea: wa kwanza wao walitimiza miaka 65 mwaka 2011, na ifikapo 2030 wote watakuwa wameuvuka umri huo. Basi mwaka 2008 vyombo vya uuguzi vya Marekani vilikubaliana mfumo mmoja wa nchi nzima wa leseni, mitaala na mitihani, na ndani ya makubaliano hayo kozi hizo mbili zikaunganishwa. Mitihani ya zamani ikazimwa polepole miaka iliyofuata.

Wangeweza kuendelea kuwabembeleza manesi waupende uzee. Hawakubembeleza. Walifanya kama mama anayesaga dawa ya minyoo akaitia ndani ya uji. Mimi nauona ni ujanja mzuri, ingawa hofu iliyopo nayo ina maana: uji ukiwa mwingi, dawa inapotea.

Sasa, kuna nini hasa cha kusomea? Mzee si mtu mzima tu aliyeongezewa miaka?

Hapo ndipo mwanafunzi huanza kubomolewa alichokijua. Alifundishwa kwamba nimonia ni kikohozi na homa. Kwa mzee nimonia yaweza kuja bila kikohozi wala joto. Inakuja kwa sura ya mzee aliyekataa uji tangu jana, au aliyeanguka mara mbili wiki hii. Mshtuko wa moyo waweza kuja bila maumivu ya kifua, ukaja kama kuishiwa pumzi, au uchovu ambao mwenyewe anauita uzee. Hata kipimajoto hupewa masharti mapya: kwa mzee aliyedhoofika, miongozo huhesabu digrii 37.8 kuwa homa, kwa sababu wengi wao joto lao la kila siku liko chini, na kinga iliyochoka haiwashi moto mkubwa.

Kuna na kuweweseka. Mzee aliyekuwa timamu Jumatatu, Jumatano anaongea na marehemu mdogo wake na kutaka kwenda shamba saa nane za usiku. Nyumbani watu watasema uzee umemwingia, au watanong'ona mambo mengine. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza swali moja kwanza: imeanza lini? Kusahau kwa uzeeni hujenga kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa siku mbili ni dharura: tafuta maambukizi, tafuta dawa mpya, tafuta mkojo uliogoma kutoka, tafuta choo kilichofunga. Na kuna la tatu linalojificha katikati, sonona, ambayo kwa mzee yaweza kufanana na kusahau kabisa, na ambayo inatibika.

Halafu kuna figo. Chukua kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini, kirudi na jibu la 1.0, ambalo karatasi ya maabara inalipitisha bila alama nyekundu. Kwa kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 70, ukiingiza namba hiyo kwenye kanuni inayotumiwa kupangia dozi, figo zake zinasafisha kama mililita 107 kwa dakika. Iingize kwa bibi wa miaka 85 mwenye kilo 45: inatoka takriban 29. Jibu ni lilelile, figo si zilezile. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na bibi hana misuli ya kutosha kuonyesha kwamba figo zake zimechoka. Asiyejua hilo atampa dozi ya kijana, na dawa itabaki ndani ikijilimbikiza.

Na dawa ndizo moyo wa kozi hii. Mfano mmoja unajulikana sana kwa wanaofundisha, na nikiusikia huwa nawafikiria wazee ninaowajua.

Mzee ana presha, anaandikiwa amlodipini. Baada ya wiki kadhaa miguu inavimba, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya. Mtabibu mwingine anaiona miguu, haulizi chanzo, anaongeza dawa ya kukojoza. Sasa mzee anaamka mara nne usiku na mkojo unamponyoka kabla hajafika chooni. Mtabibu wa tatu anaandika dawa ya kutuliza kibofu. Hiyo inakausha kinywa, inafunga choo na kuvuruga kumbukumbu. Watoto wanasema baba ameanza kusahau, na mtabibu wa nne anaandika dawa ya kusahau, ambayo miongoni mwa madhara yake ni kuharakisha mkojo. Tumerudi pale pale, mfuko una dawa nne, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyeandika dawa isiyo na sababu. Kilichokosekana ni mtu wa kuumwaga mfuko wote mezani na kuuliza: ipi ilianza, na ipi ilikuja kuifuata?

Kwa hiyo muuguzi tabibu wa wazee hufundishwa kuondoa dawa, ujuzi ambao ni mgumu kuliko kuandika. Ana na orodha ya kumsaidia, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers, ambayo siku hizi hutunzwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani. Toleo lililotoka 2023 lina kurasa za dawa ambazo mtu wa miaka 65 na zaidi ni vizuri aepushwe nazo. Msomaji wa kwetu akiipitia atakutana na majirani zake. Piriton, ile ya mafua iliyoko kwenye kila droo, imo: huleta usingizi, huchanganya mawazo. Diazepamu imo, kwa sababu ya kuangusha watu. Glibenklamidi ya sukari imo, kwa sababu huweza kuishusha sukari ya mzee kwa muda mrefu bila yeye kuhisi. (Usikimbilie kumnyang'anya bibi vidonge vyake usiku huu. Nyingine, kama diazepamu, zikikatwa ghafla kwa aliyezoea huleta degedege. Beba mfuko wote mpeleke kwa anayemtibu.)

Vipimo vingine havihitaji hata mashine. Mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Kingine ni kumtajia maneno matatu ayakumbuke, kisha kumwambia achore uso wa saa na mishale ionyeshe dakika kumi baada ya ile saa ambayo Wamarekani huiita 11. Hapa Mswahili ana tabasamu lake. Mkalimani asiyefikiri akisema "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee wa Tanga aliyekuja kukaa kwa mwanawe ataupeleka mshale wa saa kwenye 5, kama alivyofanya maisha yake yote, na kwenye faili ataandikwa ana dalili za kupoteza kumbukumbu. Alitakiwa aambiwe saa tano na dakika kumi.

Na kuna maswali ambayo mtoto wa kwetu angeona haya kuyauliza: mkojo, choo, unyumba wa mtu wa miaka 80, na hili la mwisho ambalo kozi hulisisitiza, nini hasa unakitaka wewe kwa muda uliobaki. Mmoja atasema anataka kuishi hata kwa mashine. Mwingine anataka tu aweze kwenda kanisani kwa miguu yake, na kwa ajili hiyo yuko tayari presha yake isiwe safi sana. Tiba ya wawili hawa haiwezi kuwa moja.

Muda wa yote haya ni kama miaka miwili au mitatu kwa anayesoma mfululizo. Kuna masomo matatu ambayo kila mwanafunzi lazima ayavuke: namna ugonjwa unavyouharibu mwili, dawa, na uchunguzi wa mgonjwa kwa mikono na macho. Kisha saa za vitendo chini ya msimamizi. Zamani zilitosha 500. Viwango vya 2022 vilizipandisha hadi 750 kwa uchache, na anayechukua udaktari wa uuguzi hufikisha 1,000. Chama cha madaktari wa Marekani huzishikilia namba hizi kila kunapokuwa na mjadala wa sheria, kikizilinganisha na maelfu ya saa za daktari, na kwa kweli pengo ni kubwa. Wauguzi hujibu kwamba hawaanzi wakiwa watupu. Wanafunzi wenyewe hulalamikia jambo lingine kabisa: kumpata msimamizi. Vyuo vingi humwachia mwanafunzi amtafute mwenyewe, naye hupiga simu kliniki moja baada ya nyingine, wengine wakiishia kulipa.

Baada ya hapo ni mtihani wa kitaifa, na cheti cha kuhuishwa kila miaka mitano. Uhuru wa kazi hutegemea jimbo. Zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu kutibu na kuandika dawa bila kuwa chini ya daktari. Minnesota, akishamaliza kipindi cha mwanzo cha kufanya kazi na wenzake, anaweza kujisimamia. Texas lazima awe na mkataba na daktari.

Nimeyataja majimbo hayo mawili kwa sababu yana watu wengi kutoka Afrika Mashariki, na wengi wao wanaijua kazi ya wazee kwa mikono. Wapo Wakenya, Wakongo na Watanzania wanaoogesha, wanaolisha, wanaowageuza wazee kitandani ili wasitoke vidonda vya kulalia, zamu ya usiku, miaka kwa miaka. Wengine hupanda: kutoka msaidizi wa nesi, wakawa manesi wa leseni, wakachukua digrii, na siku moja wakaomba kozi hii. Darasani hao hawahitaji kuelezwa kuweweseka kunaanzaje. Wamekuona alfajiri, kabla ya daktari hajafika. Ila zile saa walizomgeuza mzee usiku, hata zikiwa elfu kumi, haziingii kwenye zile 750. Zile lazima zihesabiwe upya kuanzia ya kwanza, wakiwa wamekaa upande wa pili wa meza.